Injini kwa Injini

Doyle Hargett alikuwa na watu wengi wa kuwalaumu, na kila mmoja alikuwa na zamu yake. Asubuhi, akinywa kahawa, aliwalaumu wabunge wa jimbo kule Montgomery, wanaopika sheria na hawajawahi kushika spana. Mchana aliwalaumu madiwani wa kaunti kwa mashimo ya barabarani. Jumapili ilikuwa zamu ya mchungaji, aliyepokea zulia jipya la kanisa kutoka kwa wenye kiwanda na asiulize chochote. Lakini Royce Lassiter hakuwa na zamu. Lassiter alilaumiwa saa zote.

Lassiter ndiye aliyekuwa meneja wa kiwanda cha soksi pale Harmon's Gap. Arvella, mke wa Doyle, alishona ncha za soksi humo tangu alipokuwa msichana, hata macho yalipoanza kumsumbua. Kiwanda kilipoanza kuyumba, Lassiter alipanda juu ya meza ya kantini akawaambia akina mama wachape kazi, bima ya matibabu ipo, mtu asikose usingizi. Bima ilikuwa imeshakatwa. Mshahara ulikuwa bado unanyofolewa kila wiki kwa ajili ya hiyo bima, ila kilichonyofolewa hakikufika kokote. Arvella alikuwa na uvimbe titini. Alipokwenda kupimwa, binti wa dirishani alimrudishia kadi yake kama anayerudisha noti bandia. Akaambiwa labda ni kosa la kompyuta, akae nyumbani litarekebishwa. Arvella akakaa. Alikuwa mtu wa kuamini anachoambiwa na wakubwa, kama walivyofundishwa wote pale. Uvimbe haukukaa.

Baada ya mazishi Doyle alizunguka kwa mawakili hadi soli zikaisha. Wote walimwambia kampuni imeshajifilisi na jina lake limekufa, hakuna wa kushtakiwa. Lassiter naye akasema maamuzi yalitoka makao makuu, yeye alipata habari siku moja na wengine. Doyle alisema Lassiter alijua tangu mwanzo. Akalisema dukani na kwa kinyozi, akalisema hata kwenye harusi ya mpwa wake, mpaka watu wakimwona wanahama upande wa barabara.

Kilichobaki mikononi mwake ni vitu viwili. Kimoja ni gari, Nova la mwaka sabini na mbili, rangi ya bluu, ambalo Arvella alilishindanisha kila Jumamosi kwenye njia iliyonyooka ya mbio za magari ya Hoyt Swafford, na injini yake waliijenga wawili kwenye banda nyuma ya nyumba. Cha pili ni binti yao Merleen, dereva wa basi la shule, mama wa watoto wawili, aliyeingia kwenye kiti cha mama yake na kukiendeleza. Doyle mwenyewe hakuendesha mbio tena. Mtoto wa jicho alikuwa ameshamla jicho la kushoto.

Merleen alikuwa na sharti moja, nalo alilirudisha kila msimu ulipoanza. Aliwahi kumwona jamaa akivutwa nje ya gari baada ya kabureta kulipuka, naitrasi, ile gesi ya chupa inayoongeza kasi, ikiwa imejaa ndani ya injini, glavu zimegandana na ngozi ya mikono.

"Injini peke yake, Baba," alisema. "Siku ukiweka chupa kwenye gari ninalolikalia mimi, tafuta dereva mwingine. Na mtoto mwingine umtafute hukohuko."

"Nani kataja chupa? Mama yako hakutumia chupa."

"Najua. Nakukumbusha tu, kwa sababu nakujua."

Lassiter naye, baada ya kiwanda kufa, alihamia kwenye biashara ya kuuza nyumba za kukokotwa kwa lori, na biashara ikamkubali, kama inavyowakubali watu wa namna yake. Akanunua gari la mbio, Camaro jeusi, akaanza kuja kwa Hoyt Jumamosi. Wengine walimpa mkono. Doyle aliona walivyompa mkono, na kila aliyempa akamweka akilini.

Siku moja wakakutana kwenye kibanda cha karanga za kuchemsha.

"Mzee Doyle," Lassiter alisema, "bado unaniombea nife?"

"Siombi. Mungu ana kazi nyingi, nisimchoshe na takataka."

Watu wakacheka. Lassiter naye alicheka, lakini masikio yalimwiva. "Sasa unataka nini kwangu, bwana? Maana kila ninapopita nasikia umeshapita na jina langu."

"Nataka mbio. Binti yangu na wewe."

"Kwa dola ngapi?"

"Sitaki hela yako, ina harufu. Tukishinda, unapanda pale juu kwenye mnara wa Hoyt, unashika maikrofoni, unawaambia watu wote kwamba ulijua bima imekatwa siku ile uliyosimama juu ya meza. Basi. Maneno hayo tu."

Muuza karanga alishika upawa hewani, maji yakamdondokea viatuni.

"Na nikishinda mimi?"

"Jina lako halitanitoka tena mdomoni. Dukani, kanisani, hata nikiota."

Lassiter alitazama karanga zake. Alikuwa amezeeka, mashavu yamemlegea. Labda alichoka kutazamwa. Labda aliamini Camaro lake. "Injini kwa injini," akasema. "Najua gari la marehemu halijawahi kunywa chupa. Langu nalo halitakunywa. Sawa?"

"Injini kwa injini."

Wakashikana mikono, na Hoyt Swafford, mwenye njia, mtu mnene asiyeonekana bila suruali ya mikanda ya mabegani, akaweka mkono wake juu ya yao. Pale kwa Hoyt mkono wa namna hiyo ulikuwa mzito kuliko karatasi yoyote ya mahakamani. Hakuna anayekufungulia boneti kukukagua. Ubao wa kuonyesha muda unazimwa ili siri ya kila gari ibaki kwa mwenyewe, inawaka taa ya mshindi tu. Mtu alikuwa ni neno lake. Waliovunja neno walihama kaunti.

Merleen alipoambiwa aliketi kwenye ngazi ya nyuma, kofia ya basi bado kichwani. "Nataka kumsikia akisema," alisema taratibu. "Baba, sijawahi kutaka kitu kama ninavyotaka hicho. Hata kama ni mara moja."

"Utamsikia."

Wiki iliyofuata Lassiter alileta Camaro na injini mpya kutoka Georgia. Doyle alisimama kwenye uzio akalisikiliza likipita. Macho yalikuwa yamemtupa, masikio hayakuwa yamemtupa. Akapiga hesabu yake kwa sauti ile, akaona Nova likifika nyuma kwa urefu wa gari zima. Alirudi nyumbani hakula. Mkate wa mahindi ulikauka mezani. Ndivyo ilivyo siku zote, alifikiri. Wao wanavunja, wanaiba, wanazika, halafu wananunua injini Georgia. Sisi tunashika neno letu. Nani alituambia kwamba kushika neno kunalipa? Walewale wasiolishika.

Kesho yake akaendesha pikapu hadi mji wa mbali, ambako hakuna anayemfahamu, akarudi na chupa.

Kazi yenyewe haikumpa shida. Alikuwa ameitazama mara nyingi kwenye magari ya wenzake, amesimama na mikono mfukoni kama mlokole kwenye mlango wa baa. Nova lilikuwa na kabureta kubwa ya makoo manne, na chini ya kabureta kilikaa kipande cheusi cha plastiki ngumu cha kuinyanyua kidogo. Doyle alikitoa. Mahali pake aliweka bamba la aluminiamu la unene uleule, akalipiga rangi nyeusi, akalipaka grisi na vumbi la banda hadi likaonekana limezeekea hapo. Ndani ya bamba vilipita vijibomba viwili vyenye matundu madogo. Kimoja kinapuliza naitrasi, kingine kinanyunyiza petroli. Naitrasi inaipa injini pumzi ya kuchomea. Petroli ya ziada ni ili kinachoungua kiwe mafuta, isiwe pistoni.

Mabomba aliyapitisha chini chini, nyuma ya injini, kando ya sakafu, hadi kwenye buti. Humo mlikuwa na boksi la chuma lenye mifuko ya madini ya risasi, uzito wa kukandamiza matairi ya nyuma yasiteleze wakati wa kuondoka. Alitoa mifuko, akailaza chupa ndani, lebo ikitazama juu na mdomo mbele, ili mrija wa ndani uvute gesi iliyo majimaji gari litakaporuka. Juu yake akarudisha mfuko mmoja kama blanketi. Swichi moja aliiweka kwenye kabureta, ijifunge mguu ukikanyaga hadi mwisho. Nyingine kwenye gia, ili chupa isipulize mpaka Merleen aingie gia ya pili, gari likiwa limeshanyooka. Ya tatu, ndogo kama kifungo cha shati, aliificha pembeni ya boksi. Hiyo ilikuwa yake mwenyewe. Bila hiyo, vingine vyote vilikuwa vyuma tu.

Ikabaki taimingi. Hata mtoto wa mtu wa chupa anajua: ukiongeza naitrasi, moto ndani ya injini unakimbia, kwa hiyo unazichelewesha cheche za plagi kidogo. Usipozichelewesha, mlipuko unaikuta pistoni bado inapanda, na hapo ni nyundo kukutana na nyundo. Doyle alilegeza distribyuta, inayogawa cheche hizo, akaizungusha nyuma kidogo, akawasha. Injini ikakubali, lakini ilipoguswa mafuta ilivuta kivivu, kama mtu aliyeamshwa. Merleen angeligundua hilo kwa unyayo kabla hata hajafika kwenye taa za kuondokea. Alilijua Nova kama anavyojua kikohozi cha wanawe.

Alikaa juu ya ndoo akaitazama ile distribyuta. Kisha akairudisha palepale ilipokuwa. Mbio zenyewe ni kufumba na kufumbua, alijiambia. Injini itavumilia. Akafunga plagi za baridi zaidi, zisizoshika joto, akajaza petroli kali ya mashindano. Watu wa chupa huanza na jeti ndogo, tundu linalopima gesi, wanakimbia mara moja, wanazima injini, wanatoa plagi na kuzisoma kwa kioo cha kukuzia, wanatafuta chembe za aluminiamu zilizoruka, ndipo wanapanda jeti nyingine. Yeye hangeweza kujaribu, maana anayeliendesha gari ndiye aliyekuwa akifichwa. Akachukua jeti za katikati kwa kukisia. Alijua kwamba hivyo sivyo kazi inavyofanywa. Alijua, akafunga boneti.

Jumamosi Merleen alikuja na mikate ya soseji ndani ya karatasi. Walikula wamesimama. Alizunguka gari kama kawaida yake, akagusa kila tairi kwa ncha ya kiatu, akafungua boneti. Doyle alikuwa anatafuna kitu ambacho hakina ladha.

"Mbona mafuta yananukia hivi?"

"Yapi?"

"Baba, pua ninayo. Haya si yale ya siku zote."

"Yale yameisha dukani. Haya ni makali zaidi, hayana madhara." Na hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilitoka vizuri.

Merleen aliinama juu ya kabureta. Alikishika kile kipande cheusi chini yake kwa kidole, akapangusa vumbi, akajifutia kwenye suruali. "Ungeosha siku moja," alisema. "Mama angekupiga na kandambili."

"Mama yako hakuwa na kandambili."

"Angenunua." Akacheka, akafunga boneti kwa viganja viwili, taratibu, kama anayefunika mtoto.

Doyle angeweza kusema hapo. Neno lilifika kooni. Lakini alimwona Lassiter akiteremka kwenye gari lake kule ng'ambo, shati jeupe, miwani ya jua, akimpa mkono huyu na yule, na neno likarudi lilikotoka.

Siku hiyo jua lilikuwa kali, chupa haikuhitaji kupashwa moto ili isukume gesi vizuri. Ndani ya buti ilikuwa imeshaiva. Watu walijaa kwenye uzio kuliko siku ya sikukuu. Walikuwepo akina mama wa kiwandani, wengi wao, ambao hawakuwahi kuja kwenye mbio hata siku moja. Wamevaa kama wanaokwenda kwenye ibada ya mazishi, wamekaa kwenye viti vyao vya kukunja, mikoba magotini. Hakuna aliyekuwa ameleta chakula.

"Mzee Doyle!" mmoja wa vijana wa uzioni alipiga kelele. "Leo unamvua soksi au anakuvua yeye?"

"Wewe chunga mdomo wako usije ukavaa soksi humo."

Merleen aliingia garini, akajifunga mikanda, akavaa helmeti. Akalipitisha gari kwenye maji, akayachoma matairi ili yashike lami, mpaka moshi ukaficha uzio. Alipolirudisha kwenye mstari Doyle alikwenda nyuma, kama mtu anayekagua uzito. Alifungua buti. Akazungusha koki ya chupa hadi mwisho. Kidole chake kikakaa juu ya ile swichi ndogo. Kwenye kioo cha ndani aliyaona macho ya binti yake yakimtafuta, na mkono wenye glavu ukainua dole gumba: kila kitu sawa?

Doyle akabonyeza swichi, akafunga buti, akainua dole gumba lake.

Taa zikashuka. Camaro lilitoka kwanza. Lilitoka kama lilivyotazamiwa, pua juu, na katika kishindo cha kwanza lilikuwa limeshamwacha Merleen nusu ya gari. Uzio ukaguna. Kisha Merleen akaingiza gia ya pili.

Sauti ikabadilika. Doyle, aliyeisikiliza injini ile miaka yote, hakuitambua. Ilikuwa kama turubai kubwa linapasuliwa kwa mkono mmoja. Nova likajikunyata likaruka, likaanza kulila Camaro kipande kwa kipande, mlango, tairi, pua, na akina mama wa kiwandani wakasimama wote kwa pamoja, na Doyle akasikia mtu analia "Haya! Haya!" akagundua ni yeye mwenyewe. Halafu chini ya ile sauti ikaja nyingine, nyembamba, kavu, kama changarawe ndani ya debe. Aliijua. Akaacha kupiga kelele.

Taa ya mshindi iliwaka upande wa Merleen.

Na hapohapo moshi mweupe ukatoka chini ya Nova, na baada ya moshi kishindo, kipande cha chuma kikaruka barabarani, na mafuta yakamwagikia matairi ya nyuma. Gari likageuka polepole, kama linalotaka kurudi nyumbani, likagonga ukuta kwa ubavu, likasugua ukuta hadi likachoka.

Doyle alikimbia. Miguu haikumbuki kukimbia katika umri ule, lakini alikimbia. Alipofika, Skeeter Ledbetter, wa kikosi cha uokoaji cha pale kwa Hoyt, alikuwa ameshamwaga unga wa kuzimia moto mbele ya gari, na Merleen alikuwa ameketi kwenye nyasi, helmeti kando, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani. Juu ya kifundo mkono ulikuwa umepinda mahali ambapo hapana kiungo. Uso ulikuwa mweupe, macho makavu.

"Mwanangu. Umeumia wapi? Mwanangu—"

"Umeiweka wapi?"

"Nini?"

"Baba." Hakupaza sauti. "Nimekalia gari lile tangu nina miaka kumi na sita. Umeiweka wapi?"

Doyle alitazama nyasi. "Kwenye boksi la uzito."

Skeeter alikuwa anafunga mkono kwa kipande cha mbao na bendeji. Mikono yake ilisimama kidogo, halafu ikaendelea.

"Taimingi umeirudisha nyuma?"

Doyle aligeuka kulitazama Nova.

"Hukuirudisha," Merleen alisema. "Kwa sababu ningejua." Akatingisha kichwa, kama mtu anayemaliza kusoma jambo. "Wale watoto wangu, Baba. Ulipokuwa unafunga yale mabomba uliwafikiria?"

Spika za Hoyt zikakoroma juu ya nguzo. "Mabibi na mabwana, dereva yuko salama, dereva yuko salama, Mungu ni mwema! Na mshindi mmemwona kwa macho yenu. Naona Bwana Lassiter anapanda ngazi. Mpeni nafasi. Mtu aliyesema amesema."

Uzio ulipiga kelele, kisha watu wakainua nyuso kuelekea spika. Kwenye spika zilisikika pumzi za mtu aliyepanda ngazi akiwa mzee.

"Skeeter," Merleen alisema, "nipe redio yako."

"Ya nini, dada?"

"Nataka kuongea na Hoyt."

Doyle alipiga magoti. "Subiri. Merleen, subiri kidogo tu. Mwache aseme kwanza. Akishasema, mwambie Hoyt chochote unachotaka, nitahama kaunti, nitakwenda jela, sijali. Mwache aseme. Anayezungumziwa ni mama yako!"

"Najua ni nani."

"Ulisema unataka kumsikia!"

"Nataka." Machozi yakamtoka sasa, yakashuka tu, hakuyafuta. "Nataka kuliko wewe. Lakini na wewe uliniambia kila kitu sawa, ukaniinulia dole."

"Jambo hili..." ilikuwa sauti ya Lassiter kwenye spika, ikitetemeka. Akakohoa. "Jambo hili nimekaa nalo. Siku ile kantini, nilipopanda juu ya meza, mimi nilikuwa..."

Merleen akainua redio. Doyle akarusha mkono kuipokonya, na kwa jicho lile bovu hakuona alichoshika. Alishika mkono wenye bendeji. Merleen alipiga ukelele ambao hakuupiga wakati wa ukuta. Skeeter, kijana mpole aliyekuwa akiimba kwaya moja na Arvella, akamsukuma Doyle kifuani hadi mzee akaanguka chali kwenye nyasi.

"Hoyt," Merleen alisema kwenye redio, meno yameumana. "Mzuie. Gari langu lilikuwa na chupa. Sikujua, lakini lilikuwa nayo. Hatukushinda."

Kwenye spika Lassiter alinyamaza katikati ya neno. Likasikika kwaruzo la kiganja kikifunika maikrofoni. Minong'ono. Kisha hewa tupu.

Walisubiri, uzio mzima. Akina mama wa kiwandani walisubiri wamesimama. Lassiter angeweza kumalizia. Hakuna aliyekuwa amemkataza. Neno lilikuwa limebaki moja tu, na mdomo ulikuwa wake. Lakini hao watu hawasemi kitu ambacho hawajalazimishwa kukisema, na sasa hakuna kilichokuwa kinamlazimisha.

"Mbio hizi," sauti ya Hoyt ikarudi, nzito, bila utani, "zimekwenda kwa Camaro. Doyle Hargett amevunja mkono alioutoa mbele yangu. Sina la kuongeza."

Akina mama waliketi. Mmoja mmoja walianza kukunja viti.

Gari la wagonjwa lilikuja kwa kurudi nyuma. Merleen aliingia kwa miguu yake, hakukubali kubebwa. Doyle alishika mlango.

"Nakuja nawe."

"Hapana."

"Nani atakaa nawe huko? Nani atawaambia watoto?"

"Nitawaambia mwenyewe." Alikuwa akimtazama mkono ulioshika mlango, hakumtazama usoni. "Na swali lao nalijua. Wataniuliza kama babu alijua. Toa mkono, Baba."

Akautoa. Mlango ukafungwa, gari likaondoka bila king'ora, likapita kwenye geti, likakunja kushoto nyuma ya miti ya misonobari.

Doyle alibaki amesimama karibu na Nova. Boneti lilikuwa limejifungua lenyewe wakati wa kugonga. Ubavuni mwa injini kulikuwa na tundu ambalo ngumi ingepita, na ndani ya tundu fimbo ya pistoni ilining'inia imepinda. Naitrasi iliyobaki ilikuwa inavuja kwenye buti kwa sauti ndogo. Alikwenda akafunga koki. Lilikuwa jambo pekee lililobaki la kufanya vizuri.

Alianza kutafuta wa kumlaumu. Alimtafuta Lassiter, mawakili, wa Montgomery, mchungaji na zulia lake. Walikuwepo wote, mahali pao palepale, na makosa yao yalikuwa yaleyale, hayakupungua hata moja. Walikuwa bado wamemuua Arvella. Lakini kila alipomshika mmoja na kutaka kumleta hapa, kwenye nyasi hizi, hakuja.

"Mzee," Skeeter alisema nyuma yake. Hakuwa na hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Inabidi tulitoe gari njiani. Wengine wako kwenye foleni."

"Trela langu liko kule juu."

"Tutalisukuma. Ingia ushike usukani."

Vijana wanne walikuja kutoka uzioni, hawakusema kitu, wakaweka mikono kwenye buti. Hakuna aliyemtania. Doyle alifungua mlango uliobaki mzima akajikunja kuingia. Kiti kilikuwa kimevutwa mbele kwa ajili ya miguu mifupi ya Merleen, na kilifungwa kwa boliti, hakisogei. Magoti yake yakagonga chini ya usukani, kifua kikabanwa. Hakuweza kunyoosha mguu hata kufika kwenye breki.

"Tayari, mzee?"

Alishika usukani. Gari likaanza kwenda.